Barua Zilizorudi kwa Jina la Marehemu

Barua ya kwanza ya namna ile ilifika miezi mitano baada ya kumzika mume wangu. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, katika chumba cha mbele cha ghala letu Kibomet, mjini Kitale. Nje mbegu za maharagwe zilikuwa zimeanikwa juu ya turubai, na kinu cha jirani kilikuwa kinasaga mahindi kwa ile sauti ambayo ukishaizoea huisikii tena mpaka inyamaze. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka milima ya Cherangany ikapita juu yetu bila kunyesha. Niliwasha kompyuta kama alivyonifundisha, nikasubiri modemu imalize kulia, na kwenye orodha nikaona barua inayorudi kwake. Mashine fulani ya ng'ambo iliandika kwamba barua aliyoituma haikumpata mwenyewe. Chini yake kulikuwa na jina lake kamili na tarehe. Tarehe ilikuwa ya jana.

Nilinyoosha mkono nikagusa kioo, pale jina lilipokuwa. Kilikuwa na joto kidogo, kama kikombe ambacho mtu amekiweka mezani sasa hivi.

Wiki ile zilikuja tatu. Wiki iliyofuata zikawa kumi na kitu, kisha nikaacha kuhesabu. Zote zilikuwa barua zilizorudi. Mtu huyu hayupo. Sanduku hili limefungwa. Hapa hakuna anayeitwa hivyo. Sikuzifungua. Nilikuwa nafika asubuhi, nachemsha chai kwenye jiko la mafuta ya taa, nakaa nazitazama zikiingia moja moja. Moyoni nilimwona mume wangu akitembea katika nchi nisizozijua, amevaa koti lake la kijivu, anabisha mlango baada ya mlango, na kila mlango unamwambia unayemtafuta hayuko. Nilidhani anatafuta njia ya kuja nyumbani. Mchana mmoja nilisinzia pale pale kitini, na katikati ya usingizi nikamsikia akipepeta mbegu nyuma yangu, ungo ukisema sha, sha, sha. Nilipogeuka ilikuwa mvua juu ya mabati.

Mume wangu alikuwa mtu wa mbegu. Alizaliwa Tongaren, kwenye shamba la skimu, ardhi iliyogawiwa wakulima na serikali, na alijua maharagwe kama wengine wanavyojua ng'ombe. Alikusanya wakulima wachache, wakaanza kuchagua mbegu na kuziuza. Ghala kubwa likawa letu la Kitale, na ghala dogo likawa Bungoma, ambako dada yake mkubwa ameolewa. Dada huyo ndiye aliyeendesha la Bungoma tangu siku ya kwanza. Hakuna gunia lililotoka kwa mume wangu kabla hajaotesha mbegu kumi za gunia hilo juu ya kitambaa kibichi. Zikiota saba anatikisa kichwa. "Hizi tutakula wenyewe," anasema, na kwa kweli tulikula.

Kabla hata ya kupata kompyuta, alinunua jina la mtandaoni, lile linalokaa baada ya alama ya @, akalichora kwenye ukuta wa ghala kwa rangi ya kijani. Watu walimcheka. "Umejenga lango na nyumba hakuna," walimwambia. Akajibu kwamba lango likiwa zuri, mtu huona aibu kutojenga nyumba. Kompyuta ilikuja baada ya miaka miwili. Mimi shule niliacha nikiwa kidato cha pili, na sikutaka kuigusa. Mwaka wake wa mwisho, alipokuwa hawezi kukaa kitako kwa muda mrefu, alilala kwenye magunia akawa ananielekeza kwa sauti, mimi nikibonyeza. Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa sauti inayotoka nyuma yangu.

Kilichonifanya nifungue zile barua ni karatasi iliyoletwa na dereva wa shule moja ya wasichana upande wa Kachibora. Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa mtawa, na ndiye mteja wetu wa kwanza kabisa. Alimfahamu mume wangu miaka mingi. Alikuja hospitalini mara mbili. Alikuwa amekubali kusimama na kusema neno siku ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, siku ambayo tungejengea kaburi, na mimi nilikuwa nimeishikilia siku hiyo kama mtu anavyoshikilia kamba akivuka mto. Karatasi yake ilikuwa fupi. Alisema kompyuta ya shule imepokea barua kutoka kwa marehemu, na wasichana walizisoma kabla yake. Alisema anajua maiti haandiki, lakini kompyuta hufanya lile ambalo mwenyewe aliizoesha akiwa hai. Kwa heshima aliyokuwa nayo kwake, aliomba jina lake litolewe kwenye orodha ya wasemaji, na akasema shule haitafungua tena barua yoyote kutoka kwetu.

Nikafungua moja. Zilikuwa barua za kuuza dawa. Dawa za nguvu za kiume, na picha juu yake, na chini jina la mume wangu, msomaji wa Neno kanisani, mtu aliyekuwa anazima redio tangazo la kondomu likipita na watoto wapo.

Nitasema ukweli, kwa kuwa sina faida ya kuuficha. Siku mbili nilimshuku. Nilikumbuka zile alasiri alizokaa na kompyuta mlango ukiwa umerudishwa. Nilikumbuka jinsi alivyoizima mara moja nilipoingia na chai. Nilipika, nililala, nilienda kanisani, na muda wote huo nilikuwa nimemhukumu mume wangu ndani ya kifua changu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko barua zenyewe.

Siku ya tatu nilienda kwa mama mmoja aliyekuwa na cyber, duka la kukodisha kompyuta, karibu na soko. Alikuwa mtu mzima, mtoto wa wale waliotoka upande wa kati wa nchi wakanunua mashamba huku kwetu Trans-Nzoia, na alifanya kazi posta mpaka alipostaafu. Bado alivaa ile sweta ya posta. Watu walimwita mama wa posta.

"Haiya, mama, kaa kwanza," akaniambia. "Unatetemeka hivyo na hata sijakwambia bei."

Nikamwonyesha barua nilizochapisha. Alizisoma zote bila kubadilisha uso, kama mtu aliyesoma kadi za wengine miaka thelathini. Kisha akaingia kwenye kompyuta yake, nikamfungulia sanduku letu, akabonyeza mahali ambapo mimi sikuwahi kubonyeza. Ikatokea mistari mingi midogo juu ya barua.

"Hii ni mihuri," akasema. "Kila mashine barua ikipitia inagonga muhuri. Soma kutoka chini. Hii ilianzia wapi?"

Nikasoma. Ilikuwa namba ndefu na jina la nchi ambayo sijui hata iko upande gani.

"Nyinyi muko na ghala huko?"

"Hapana."

"Basi haikutoka kwenu. Hakuna hata moja imetoka kwenu. Huyu mzee wako hakuandika akiwa hai, na hakuandika akiwa amekufa. Mtu amechukua jina lake tu."

"Lakini jina liko hapo."

"Sasa nikuulize. Mimi nikiandika nyuma ya bahasha kwamba barua imetoka kwa Askofu, posta itakataa?"

"Itakataa."

"Wapi! Itagonga muhuri ipeleke. Nimegonga hizo nyingi sana, mama, hata Askofu mwenyewe angeshangaa vile anaandika. Nyuma ya bahasha mtu huandika chenye anataka. Barua ikikosa mtu, inarudishwa kwa hilo jina la nyuma. Ndiyo maana zinakurudia wewe."

Sikulia kwa sababu alikuwa na wateja. Nilimwomba mume wangu msamaha pale pale, midomo imefungwa.

Kisha akanieleza dawa yake. Alisema siku hizi mwenye jina anaweza kubandika mstari mmoja kwenye jina lenyewe, hadharani, mahali ambapo mashine yoyote duniani inaweza kuusoma. Mstari huo unataja mashine zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina hilo. Barua ikifika kwa mtu, mashine ya kule inatazama jina la nyuma ya bahasha, inaenda kwenye jina hilo, inauliza: nyumba hii imemtuma nani? Ikiwa mleta barua hayumo, anarudishwa mlangoni. Si mashine zote zinazouliza, akaniambia, zingine ni vivu. Lakini shule kama ile, barua zake hupitia kampuni kubwa ya Nairobi, na hiyo inauliza.

Alipokuwa akisema, mimi nilikuwa nimerudi Tongaren, siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kunyolewa nywele. Kwetu siku hiyo watu hukaa uani, wafiwa wakishanyolewa, na mzee wa ukoo husimama kulipanga boma upya. Baba mdogo wa mume wangu ndiye aliyesimama. Alisema: "Kutoka leo, mtu akikuja kwenu akisema ametumwa na boma hili, muulizeni kama ni mmoja wa hawa." Akamtaja mdogo wa marehemu. Akamtaja mtoto wangu wa kwanza. Akanitaja mimi. "Mwingine yeyote," akasema, "mrudisheni na njia aliyokuja nayo." Watu wakaitikia. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa na upepo ulikuwa unakigusa kama maji. Nilifikiri, basi hata mauti yana utaratibu wake.

"Umenielewa?" mama wa posta akauliza.

"Nimeelewa. Sisi hufanya hivyo."

Akanitazama. "Na kompyuta?"

"Na nywele."

Alicheka bila kujua nimesema nini, akaniambia nilete neno la siri la jina letu, kazi yenyewe ni ya nusu saa.

Nilikaa wiki tatu bila kumpelekea.

Nilikuwa na sababu za kumwambia kila mtu. Kuna upanzi, mvua imechelewa, neno la siri silijui. Lakini neno la siri nililipata siku ile ile, nyuma ya daftari ambalo mume wangu aliandikia mbegu zilizoota na zisizoota. Lilikuwa jina la ng'ombe wetu wa kwanza, yule tuliyempata mwaka tuliooana. Nilikaa na daftari lile mapajani nikacheka peke yangu, kwa kuwa ng'ombe mwenyewe alikuwa mkorofi na mume wangu alimchukia. Sababu ya kweli ilikuwa nyingine. Nilijua sasa kwamba si yeye anayebisha milango ile. Nilijua kabisa. Lakini kila asubuhi jina lake lilikuwa linaingia likiwa na tarehe mpya, na hakuna mahali pengine palipobaki ambapo jina lake lilikuwa na tarehe mpya.

Wiki ya nne nilipita kwenye ukuta wetu wa ghala, nikaona mtu ameongeza kwa mkaa, chini ya maandishi ya kijani, neno chafu kuhusu dawa. Habari ilikuwa imetoka shuleni ikafika mjini. Nilichota maji nikasugua mpaka rangi ya kijani nayo ikaanza kutoka. Kisha nikavaa kitambaa kichwani nikaenda kwa mama wa posta nikiwa na daftari.

Aliandika mstari. Ulikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia. Ulianza na v=spf1, ambayo alisema ni ya kuiambia mashine kwamba hili ndilo tangazo lenyewe. Kabla ya kuendelea, akatoa mikono kwenye vibonyezo.

"Sasa fikiria vizuri, usinijibu haraka. Nani anatuma barua kwa jina hili?"

"Sisi tu."

"Sisi nani?"

"Wa nyumbani. Hapa Kitale."

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna."

Akaweka mashine moja, ile ya kampuni ya Nairobi inayotubebea barua za Kitale. Akafika mwisho wa mstari. Alinieleza kwamba mwisho kuna neno la Kizungu lenye maana ya wengine wote, na mbele yake huwekwa alama. Ukiweka kimawimbi, alama ya ~, unawaambia watu: wengine wote siwajui, wapokeeni lakini muwe macho. Ukiweka kistari, unasema: wengine wote si wangu, wafukuzeni.

"Anza na kimawimbi," akanishauri. "Ukae wiki moja, mbili, uone nani umesahau."

"Weka kistari."

"Haraka ya nini?"

"Walichora ukuta wangu," nikasema.

Akaweka kistari.

Barua zilizorudi hazikuisha siku moja, lakini zilipungua. Siku ya tano ilikuja moja tu. Kiti kilikuwa kikubwa siku hiyo.

Wiki ile ile, siku ya soko, dada wa mume wangu alifika kutoka Bungoma bila kunijulisha. Watoto wangu wanamwita senge, yaani shangazi wa upande wa baba, na mimi nilizoea kumwita hivyo pia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku hiyo aliingia kimya. Alikaa juu ya gunia, akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mke wetu," akasema, "hebu nisomee hapa. Wewe ndiye ulisoma."

"Nani amesoma, senge? Si wewe ulimaliza kidato cha nne?"

"Basi nisomee kama mjinga mwenzangu."

Nikasoma. Ilikuwa barua yake, aliyoiandika kwenye kompyuta ya ghala la Bungoma kwenda kwa yule mtawa, na juu yake kulikuwa na maneno ya mashine. Yalisema barua imekataliwa. Yalisema mtumaji hana ruhusa ya kutumia jina hili.

"Ati sina ruhusa," akasema senge. "Mimi! Huyo nilimbeba mgongoni akinikojolea mpaka nguo ikakauka na mimi ndani. Nimemfuta kamasi. Sasa nimemwandikia huyo sista karatasi tatu, nimwambie ndugu yangu alikuwa mtu wa namna gani, aache kumtia aibu, na mashine inaniambia mimi ni mwizi wa jina."

Kompyuta ya Bungoma ilikuwa inatumia laini ya kampuni nyingine. Barua zake zilipita njia nyingine, mashine nyingine, tangu mwanzo, na kila wiki nilikuwa nazipokea. Kila wiki. Nilipoulizwa ni nani anatuma, hazikunijia kabisa.

Senge alikuwa ananitazama.

"Siku ya kunyoa nilikaa kwenye mkeka na nyinyi," akasema, sauti imeshuka. "Baba mdogo akataja watu. Nikangoja. Akakaa chini. Nikasema sawa, hao ni wazee, binti akiolewa kwao wanamhesabu ameenda kwa watu. Nimezoea. Lakini mashine nayo? Mashine nani aliifundisha mila yetu?"

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Niliulizwa nani ni wa nyumba. Nikajibu vile baba mdogo alijibu."

Kinu cha jirani kilisimama, na nikasikia maharagwe yakipasuka maganda juani, tik, tik, kama mtu anayechapa barua kidole kimoja. Nilingoja anitukane. Badala yake akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kilichochanganyika.

"Bana," akasema, akijifuta macho kwa ncha ya leso, "hata wewe mwenyewe kwenu wamekufuta, na bado unafuta wenzako."

Ilikuwa kweli. Kwetu pia, baba yangu alipofariki, mimi sikutajwa. Sikuwa nimelifikiria hata siku moja mpaka aliposema.

Tulienda pamoja kwa mama wa posta. Alipoelezwa alipiga meza. "Haiya! Kwa hivyo binti wa nyumba amefukuzwa na fimbo ya wezi! Si nilikwambia uanze na kimawimbi?" Alimwuliza senge jina la kampuni ya laini yao, akapiga simu huko, akaandika namba ya mashine kwenye kiganja chake kwa kalamu. Kisha akafungua mstari wetu, akaiweka namba ile ndani, kando ya mashine ya Kitale. Na safari hii kistari akakitoa, akaweka kimawimbi bila kuniuliza.

"Mutulie mpaka niwaambie," akasema. "Kuna mwingine? Mwenye ameolewa Uganda labda?"

"Hakuna," tukasema pamoja, kisha tukatazamana, tukafikiria upya, kisha tukasema tena hakuna.

Senge aliituma barua yake upya akirudi Bungoma. Alinichapia nakala. Haikuwa barua ya kumtetea mtu. Aliandika kwamba ndugu yake akiwa mdogo aliwahi kuchapwa shuleni kwa kosa la mwingine, naye akakataa kusema ni nani, lakini usiku huo wote alilia, si kwa kuchapwa, bali kwa sababu mwalimu aliandika jina lake kwenye kitabu cha adhabu na kitabu hakifutwi. Mwisho aliandika: Sasa ameandikwa tena kwenye kitabu, na hayupo kulia. Ndiyo maana ninakuandikia.

Mtawa aliifungua kwa kuwa ilikuwa na jina la dada, si la marehemu, akajibu baada ya siku nne. Aliandika mistari miwili tu. Alisema amemwonyesha zile barua za dawa mtu wa kompyuta wa kampuni yao, naye amethibitisha kwa mihuri kwamba hazikutoka kwetu. Alisema atakuja.

Zile siku za kimawimbi, barua zilizorudi ziliongezeka tena. Nilijua zingeongezeka. Nilifika mapema kuliko kawaida, nikachemsha chai, nikazitazama. Sikuwa nadanganyika tena. Zilikuwa kama ile harufu ya mtu inayobaki kwenye blanketi: unajua ni harufu tu, na bado hufui.

Siku ya kumbukumbu mtawa alikuja kweli, na viatu vyake vikajaa udongo mwekundu wa Tongaren. Alisimama mbele ya kaburi ambalo simenti yake ilikuwa bado mbichi. Alisema aliamini vibaya juu ya mtu aliyelala, na kwamba anaomba msamaha mbele ya watu kwa kuwa alimvunjia heshima mbele ya watu. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ningepaswa kusimama pia niseme siku zangu mbili. Sikusimama. Ninazisema hapa.

Baada ya chakula nilimwendea baba mdogo alipokuwa amekaa, nikamwomba, kwa heshima, amtaje senge mbele ya ukoo kama mmoja wa wanaoweza kutumwa na boma. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Hilo si la leo, mama." Mpaka ninapoandika, halijawa la siku yoyote. Kwenye mkeka bado hajatajwa. Kwenye ule mstari yumo.

Nilirudi Kitale kesho yake. Alasiri nilikaa kwenye kiti nikafungua ukurasa wa jina letu kwa jina la yule ng'ombe mkorofi. Mama wa posta alikuwa amenionyesha jinsi ya kufanya mwenyewe. Kabla ya kugusa chochote, nilifungua barua ya mwisho iliyokuwa imerudi, nikaisoma yote, hata dawa, hata bei zake, mpaka nikafika kwenye jina lake chini. Nikalisoma kwa sauti. Nyuma yangu hapakuwa na ungo wala mvua, palikuwa na magunia.

Nikafuta kimawimbi. Nikaweka kistari. Kidole changu ndicho kilichobonyeza.

Ilichukua siku moja na kitu mashine za watu kusikia tangazo. Asubuhi ya tatu niliwasha, modemu ikalia, ikanyamaza, na orodha ikawa tupu. Nilikaa na ule utupu. Chai ilipoa. Kisha ikaingia barua moja, kutoka Bungoma, yenye maneno machache.

Mke wetu, hii imefika?

Nikaandika kwa kidole kimoja kimoja, polepole, kama nilivyofundishwa.

Imefika, senge.